Laptopu mpya, chaji ya saa tatu

MUULIZE FUNDI
Maswali ya wasomaji kuhusu vyombo vya umeme. Anajibu fundi wetu wa Langoni, Lamu.

*Assalaam aleikum, Fundi.*

*Mimi ni karani katika nyumba ya wageni hapa Shela. Wiki tatu zilizopita mjomba alininunulia laptopu mpya Mombasa, ikaja na basi hadi Mokowe, nikaipokea mwenyewe ikiwa bado na nailoni yake. Kwenye katoni wameandika chaji inakaa saa 10. Fundi, haijafika hata saa tatu. Nikianza kazi saa mbili asubuhi, kabla ya saa tano imeshaanza kulia.*

*Aliyeuza alimwambia mjomba niichaji saa nane nzima kabla ya kuiwasha mara ya kwanza. Sikuweza kungoja, nikaiwasha baada ya saa mbili. Je, hapo ndipo nilipoiharibu? Binamu yangu kanishauri niweke rangi nyeusi kwenye skrini, nimeweka, sikuona tofauti.*

*Kazi yangu ni barua pepe za wageni, hesabu, na kupandisha picha za vyumba mtandaoni. Huwa nakaa juu, chini ya paa la makuti, maana ndiko mtandao unakoshika, ila huko hakuna soketi. Intaneti naipata kwa simu, nimeiunga kwa waya. Na jambo jingine: usiku nikifunga kifuniko chaji ikiwa 80, asubuhi naikuta 66, na hakuna mtu aliyeigusa.*

*Mjomba anataka niirudishe. Nauli ya Mombasa kwenda na kurudi unaijua. Nifanyeje?*

*Karani, Shela*

Wa aleikum salaam. Karani huyu hakungoja gazeti. Alhamisi natoka kuswali alasiri, namkuta amekaa barazani pa duka, laptopu kaizungushia kanga ndani ya kikapu, chaji 100, na chaja yake kaja nayo. Kwa hivyo yeye jibu lake analo. Haya nawaandikia wengine, maana barua za namna hii ninazo nne mezani na mbili zimetoka Malindi.

Kwanza la saa nane, ili limtoke moyoni. Hukuharibu kitu, mwanangu. Ushauri huo ni wa betri za zamani za nikeli, ambazo zilitaka kulelewa. Betri za lithiamu zilianza kuuzwa mwaka 1991, na ndizo zilizomo kwenye laptopu zote unazoziona dukani leo. Hizi zina kidude ndani kinachopima na kukata chenyewe zikijaa. Ukiichaji saa mbili sawa, ukiichaji nane, sita za mwisho umelinda chombo kilichoshiba. Wauzaji wanaendelea kulisema kwa sababu waliambiwa na waliowatangulia. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi hii kwa redio, tulikuwa tukianika mawe ya redio juani ili yapate nguvu ya taarifa ya habari ya jioni. Yakipata kweli, kidogo. Sasa kuna mzee mmoja wa mtaani kwetu alianika laptopu. Sitaki kusema zaidi.

Betri ichukulie kama mtungi wa maji. Mtungi ukikauka upesi, ama ulikuwa mdogo tangu mwanzo, ama una ufa, ama wanaoteka ni wengi. Kila anayekuja kwangu anakuja na habari ya ufa. Kwa laptopu ya wiki tatu, aghalabu ni wanaoteka.

Lakini sikisii, napima. Tuliigeuza juu chini tukasoma maandishi madogo: wati-saa 42, yaani umeme wa kuendesha kitu cha wati 42 kwa saa moja. Huo ni mtungi wa kawaida, si mkubwa. Kisha tukaiuliza yenyewe. Kama yako inatumia Windows, bonyeza kitufe cha kuanzia, andika *cmd*, fungua lile dirisha jeusi, kisha andika hivi na ubonyeze kitufe cha kuingiza:

powercfg /batteryreport

Itakuambia imehifadhi ukurasa, na njia ya kuufikia. Ufungue kwa kivinjari chako. Uko kwa Kiingereza na una majedwali mengi, lakini unatafuta mistari miwili tu karibu na juu. "Design capacity" ni ukubwa wa mtungi ulivyofinyangwa. "Full charge capacity" ni kiasi unachoingia leo. Ya karani ilisema 41,950 na 41,100, kwa milliwati-saa (elfu moja ni wati-saa moja), yaani ujazo ni asilimia 98 ya ule wa kiwandani. Mtungi mzima. Ungekuwa umeshuka chini ya 90 ndani ya mwezi wa kwanza, ningemwambia apande basi kesho yake na risiti mkononi, dhamana bado inafanya kazi. Kwa 98, akienda Mombasa atamchosha mjomba bure.

Basi tukaketi kuwatafuta wanaoteka. Sikutumia chombo chochote isipokuwa saa ya ukutani na ile namba ya asilimia pembeni mwa skrini. Nilimwambia afanye kazi vilevile anavyofanya Shela: mwanga juu kabisa, waya wa simu, picha zinapanda, kila kitu. Saa kumi kamili tukachomoa chaja. Saa kumi na nusu ilikuwa 82.

Asilimia 18 kwa nusu saa. Fanyeni hesabu pamoja nami, si ngumu. Mtungi ni kama wati-saa 41, asilimia 18 yake ni 7 na nusu hivi. Imenyweka kwa nusu saa, kwa hivyo kwa saa nzima ni 15. Mashine ilikuwa inakula wati 15. Gawanya 41 kwa 15, unapata saa mbili na dakika arobaini na kitu. Ndiyo ile ile "kabla ya saa tano imeshaanza kulia" aliyoiandika. Betri ilikuwa inasema kweli tangu siku ya kwanza.

Mashine ya aina hii, mtu akiandika barua na kupiga hesabu, hupaswi kuiona inapita wati 6 au 7. Wati 8 hivi zilikuwa zinakwenda mahali. Tangu barua yake ifike nilikuwa na mstari mmoja kichwani, ule aliouandika akipita: nimeiunga kwa waya.

Nikamuuliza, "Na simu yako, chaji inakaaje?"

Akacheka. "Simu? Simu haina shida kabisa, Fundi. Jioni nateremka nayo ikiwa 100."

Alisema hivyo kisha akanyamaza, akautazama waya. Nikamwachia autazame.

Simu ikiungwa kwa laptopu haipitishi intaneti tu, inanyonya na umeme. Tundu la kawaida la USB linatoa volti 5 kwa ampea 0.9, yaani wati 4 na nusu, na matundu mengine hutoa zaidi. Simu yake ina betri ya 5,000, ile namba wanayoitangaza kwa milliampea-saa. Ukiigeuza kuwa wati-saa inafika kama 19. Yaani kuijaza simu tupu mara moja ni kumwaga karibu nusu ya mtungi wa laptopu yake. Na hata ikijaa haiachi, kwa sababu simu inayogawa intaneti mahali penye mtandao hafifu inahangaika kuutafuta mnara na inakula kadiri inavyopewa. Kila asubuhi binti huyu alikuwa anapanda darini na laptopu ya kuchajia simu.

Tukachomoa waya, simu ikagawa intaneti kwa hewa, tukapima nusu saa nyingine. Zimeondoka 13 badala ya 18. Nikamwambia simu ailishe kwa pawabenki, au aiache ishuke, ndiyo kazi yake.

Nusu saa ya tatu tulifukuza wadogo wadogo. Folda ya picha ilikuwa inajipandisha yenyewe, na pale mtandao unapokatika inaanza upya, inakatika, inaanza, kichakataji, ule ubongo wa mashine, hakipumziki. Tukaisimamisha, picha atazipandisha usiku akiwa chini kwenye soketi. Mpangilio wa nguvu ulikuwa umewekwa "Best performance". Nikamuuliza nani kaweka, akasema kijana aliyemwekea programu, kamwambia ndiyo mashine iwe na mbio. Barua pepe haitaki mbio. Tukashusha. Kulikuwa pia na programu ya virusi ya majaribio iliyokuja na mashine, ikifanya kazi ambayo ile ya Windows yenyewe inaiweza. Nimeiondoa bila huruma. Ukitaka kuwajua wadogo hawa kwako, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uone nani anashughulisha kichakataji wakati wewe umekaa kimya. Siku mbili tatu za mwanzo usiwahukumu: mashine mpya ina mambo yake ya kupanga, inaorodhesha mafaili, inashusha masasisho. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hii ilikuwa na wiki tatu. Nusu saa hiyo zilikwenda 10.

Ikabaki skrini. Kwenye laptopu inayofanya kazi nyepesi hakuna kinachokula kama mwanga wa skrini, na yake ilikuwa juu mpaka mwisho. Namuelewa. Paa la Shela, bahari upande mmoja, vilima vya mchanga upande wa pili, mwanga unatoka kila mahali, skrini inageuka kioo cha kujitazamia. Lakini kuushinda mwanga wa jua kwa betri ya 42 ni ubishi tu. Meza aivute katikati ya kivuli, yeye akae ameelekea uwazi na mgongo uwe kwenye ukuta au pazia, ili kinachoakisiwa kwenye skrini kiwe kitu cheusi. Pale barazani kwangu tulishusha mwanga hadi nusu na alisoma hesabu zake zote bila kukunja uso. Nusu saa ya mwisho: 7.

Ile rangi nyeusi ya binamu si uongo, ila ni dawa ya ugonjwa mwingine. Skrini za OLED kila nukta inajiwashia, nyeusi ni nukta iliyozimwa, kwa hivyo unaokoa kitu. Skrini ya kawaida kama ya karani ina taa nyuma ya kioo inayowaka muda wote, na nyeusi ni pazia tu mbele ya taa.

Saa kumi na mbili ilikuwa imebaki 52, nikamwambia awahi mashua ya Shela kabla ya giza. Kwa mwendo ule wa mwisho, 7 kwa nusu saa, atapata kama saa 7. Zile 10 za kwenye katoni azisahau. Namba hizo mara nyingi hupatikana kwa kuchezesha video iliyomo ndani ya mashine, mwanga wa chini, intaneti imezimwa. Ni kama kumpima punda asiyebeba mzigo. Kama kuna mtu amezipata akiwa kazini, aje dukani nimpe chai.

La usiku, chaji kushuka kutoka 80 hadi 66. Laptopu za siku hizi ukifunga kifuniko hazilali, zinasinzia kama simu: macho yamefumba, masikio yako mtandaoni, zinapokea barua na masasisho. Asilimia 14 kwa usiku ni matokeo ya kawaida ya kusinzia, ingawa siyapendi, na wapo wanaoitoa mashine mkobani asubuhi ina joto kama mkate. Nenda kwenye Control Panel, sehemu ya Power Options, utafute "Choose what closing the lid does", uchague "Hibernate" badala ya "Sleep". Hapo inaandika kazi zako kwenye diski na kujizima, inalala fofofo. Asubuhi inachukua sekunde chache zaidi kuamka, lakini uliyoiacha 80 unaikuta kwenye 80 ile ile au pungufu kidogo. Kama "Hibernate" haionekani kwenye orodha, fungua lile dirisha jeusi kwa ruhusa ya msimamizi, uandike *powercfg /hibernate on*.

Na nililomuongezea bila kuulizwa, nikamuona anataka kuondoka: joto. Lithiamu inazeeshwa na joto, na inazeeka upesi zaidi ikiwa imejaa pomoni huku ina joto. Kwa hali yetu ya pwani ndiyo maana laptopu iliyochomekwa kutwa nzima dirishani inakuwa mzee kwa miaka miwili. Kampuni nyingi zinaweka ndani programu yao yenye mahali pa kuiambia betri iishie 80. Siku unazoshinda kwenye soketi, iweke 80. Siku ya kupanda darini, ijaze. Na usiiweke juu ya godoro au mto, matundu ya kupumulia yako chini. Kikapu na kanga ni sawa, mradi imezimwa.

Zilizobaki nazijibu kwa ufupi.

*Fundi, laptopu yangu nikiwa kwenye mkutano wa video inashuka chaji ilhali imechomekwa ukutani. Ile chaja yake niliisahau kwa shemeji, natumia ya simu, tundu ni lile lile. Betri imekufa? Mwalimu, Malindi*

Haijafa, inapewa chakula cha mtoto. Kichwa cha waya kufanana si hoja. Soma maandishi madogo ya chaja hiyo, utakuta labda volti 9 kwa ampea 2. Zidisha: wati 18. Chaja nyingi za laptopu za tundu hilo ni wati 65, volti 20 kwa ampea 3.25. Mkutano wa video una kamera, spika, intaneti na kichakataji vyote kazini, unakula zaidi ya 18 bila shida, na kinachopungua kinatoka kwenye betri. Ukiizima itajaa, polepole. Mwambie shemeji aweke chaja kwenye gari la kesho.

*Padi ya kugusia ya laptopu yangu imeinuka upande mmoja, haibonyei vizuri. Nimeweka kitabu kizito juu yake usiku mzima, imerudi kidogo. Niendelee? Mfanyabiashara, Malindi*

Usiendelee hata leo. Padi haijainuka, imeinuliwa. Betri iliyo chini yake imevimba kwa gesi, na wewe unaikandamiza kwa kitabu. Izime, usiichaji tena, iondoe chumbani kwa watoto, usiitoboe wala kujaribu kuitoa mwenyewe kwa bisibisi. Mpelekee fundi, na umwambie mlangoni kwamba betri imevimba kabla hujampa mkononi.

*Tuko Faza. Nina paneli ya sola ya wati 100, betri ya volti 12 na inverta. Nikichaji laptopu jioni, taa za nyumba zinazima kabla ya saa nne. Ni paneli ndogo? Baba wa watatu, Faza*

Kabla ya kununua paneli, tazama safari unayoupitisha umeme wako. Unatoka volti 12, inverta inaupandisha hadi 240, kisha chaja ya laptopu inaushusha tena hadi 20. Kila kituo kinatoza ushuru kwa joto, ndiyo maana vyote viwili vinaungua ukivigusa. Na inverta inakula hata kama hujachomeka kitu. Kama laptopu yako inapokea chaji kwa tundu la USB-C, lile dogo kama la simu za siku hizi, tafuta chaja ya gari ya tundu hilo yenye wati 45 au zaidi, uiunge moja kwa moja kwenye volti 12 ukiweka fyuzi njiani. Chaji saa sita mchana paneli ikiwa na jua la kumwaga, si jioni. Na inverta uizime kwa swichi yake, usiiache inanguruma usiku kucha kwa ajili ya kuchaji simu moja.